Jumapili Ndeshi Aliposahau Maneno

Jumapili za utoto wangu kule Marangu nazikumbuka kwa sauti ya baba mdogo akiwa nje, katikati ya migomba, akizungusha mlingoti wa antena. "Hapo je?" alipaza sauti. Sisi ndani tukajibu kwa pamoja, "Bado!" Akazungusha tena. "Na hapo?" "Umepitiliza, rudisha kidogo!" Sebuleni kulinukia mtori wa ndizi, maziwa yaliyochemka na kumwagikia kuni, na masweta yaliyolowa ukungu tuliporudi kanisani. Picha ilipotulia baba mdogo aliingia akipangusa mikono, na shindano la kuimba likaanza. Mpaka liishe hakuna aliyekwenda kukata majani ya ng'ombe, na ng'ombe walilalamika zizini bila mtu wa kuwasikiliza.

Nilikuwa darasa la tano, na katika sebule ile kila mtu alikuwa na maoni. Bibi, aliyeimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri tangu kabla mama yangu hajazaliwa, alipima washiriki kwa jambo moja tu: je, maneno yanasikika? Kijana mrefu kutoka Tanga, aliyewasisimua majaji, Bibi alimkataa tangu wiki ya kwanza. "Huyu anatafuna wimbo kama kiburu cha ndizi na maharage kilicho cha moto," alisema. Baba mdogo alitazama mavazi, akaapa kwamba mtu mwenye viatu vile hawezi kutolewa. Mimi nilisikiliza pumzi. Msichana wa Mwanza alikuwa na sauti kubwa kuliko nyimbo alizochagua, lakini alivuta pumzi katikati ya neno, na kila alipofanya hivyo mimi nilibana yangu. Kijana wa Tanga nilimpenda kimyakimya, ingawa niliona anaimba huku akichungulia nyuso za majaji kama mwanafunzi anayetaka kujua amepata ngapi. Nilikuwa mtoto mwoga, na mtoto mwoga huona mapema mahali ambapo mwenzake atajikwaa.

Lakini aliyetufanya tuache kila kitu ni Ndeshi. Alikuwa wa kwetu, binti wa Mwalimu Elia, kiongozi wa kwaya, na kihamba chao, shamba lao la migomba lenye nyumba ndani yake, kilikuwa juu kidogo ya chetu. Msichana aliyenifundisha kufunga kilemba sasa alikuwa Dar es Salaam, ndani ya televisheni, akiimba kwa sauti iliyotoka chini kabisa ya kifua na kupanda bila kutetemeka. Majirani walijaa sebuleni, wakampigia kura kwa simu, wakamwombea. Wiki ya nne, wote walipokuwa wakipiga makofi, mimi nikasema nilichokiona. "Kabla ya ubeti wa pili anatazama miguu yake. Siku moja atasahau maneno."

Bibi alinipiga kofi la paja. "Wewe Aika! Kinywa huumba. Ombea watu mema."

"Mwache," baba mdogo akasema akicheka. "Huyu anawania kiti cha majaji."

Jumapili iliyofuata Ndeshi alimaliza ubeti wa kwanza vizuri kuliko wakati wowote. Kisha akatazama miguu yake. Muziki uliendelea, yeye akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Alitabasamu, akaokota neno moja, likaanguka, akasimama tu na kipaza sauti mkononi hadi wimbo ukaisha.  Niliona vichwa vikigeuka kimoja baada ya kingine, kutoka kwenye televisheni hadi kwangu. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Siku zilizofuata nilikuwa nikitembea nimebana midomo. Nilikataa kumwambia mama kwamba mbuzi anakohoa, nikiogopa atakufa kwa sababu nimesema. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi niliona nimejikwaa ulimi, na aliyeanguka ni mtu mwingine.

Ndeshi alirudi nyumbani wiki hiyohiyo. Hakwenda kwaya, hakuonekana kisimani, na waliokwenda kumsalimu waliambiwa amepumzika. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kuomba radhi kulihitaji kusema, na kusema ndiko nilikokuogopa. Ndipo nikakumbuka isale, yale majani marefu ya kijani yaliyopandwa mpakani mwa kila kihamba. Kwetu Wachagga, aliyekosa akileta jani la isale lililofungwa fundo, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nilikuwa nimeona baba mdogo akisamehewa na babu kwa jani hilo baada ya mwaka mzima wa kununiana. Basi asubuhi moja nikielekea shule nilichuma jani, nikalifunga fundo, nikaliweka kizingitini kwa Mwalimu Elia, nikakimbia mpaka kifua kikauma. Darasani nilijiona mwepesi. Nilidhani nimemaliza.

Jioni nilipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, nikakuta kina mama wamesimama karibukaribu kuliko kawaida.

"Isale bila mtu? Nani aliona wapi?"

"Ni mtu amekiri. Amemfanyia mtoto wa watu kitu, sasa dhamiri inamchoma, ila uso wa kuja nao hana."

"Na nani amekorofishana na Mwalimu kuhusu mpaka, kama si yule?"

Walinyamaza, kwa sababu yule alikuwa anafika na dumu lake. Mama Manka alikuwa mjane, jirani wa Mwalimu upande wa chini, na ni kweli waliwahi kugombana juu ya mstari wa masale kati yao. Aliwasalimia. Mmoja aliitikia, wengine wakatazama mizani. Alipoliweka dumu lake kwenye foleni, aliyekuwa nyuma yake alilivuta la kwake pembeni, taratibu, kama mtu anayelinda kitu kisichafuliwe. Nililiinamisha dumu langu bila kujua, maziwa yakanimwagikia miguuni.

Siku tano nilinyamaza. Naandika hivyo kwa haraka kwa sababu bado naona aibu. Kila siku nilipanga kusema, na kila siku sababu ya kutosema ilikuwa imekua kidogo: nitapigwa, nitaambiwa mimi ndiye mchawi, nikifungua kinywa litatokea baya zaidi. Wakati huo watoto walikatazwa kupita kihambani kwa Mama Manka, na Manka, aliyekaa dawati moja nami, alikula ndizi zake peke yake wakati wa mapumziko. Ijumaa nilimsikia baba mdogo akimwambia Bibi kwamba kesho wazee watamwita Mama Manka aape mbele ya ukoo wote. Akiapa na isiwe kweli, walisema, nyumba yake itakwisha. Na akikataa kuapa, atakuwa amejihukumu.

Nilimfuata Bibi zizini, nikasema yote bila kupumua. Nilitegemea kofi. Yeye aliweka chini ndoo ya pumba.

"Isale haliendi peke yake, mjukuu wangu," alisema. "Huenda kwa miguu ya mtu na mdomo wa mtu. Ukilitupa mlangoni kwa watu, umewatupia hofu." Kisha akachuma majani mawili, akayafunga fundo, akanikabidhi, akanishika mkono.

Kwa Mwalimu Elia nilisita mlangoni, Bibi akanisukuma mgongoni. "Shikamoo, Mwalimu," nilisema, nikainua jani kwa mikono miwili. "Lile la kwanza lilikuwa langu. Nilisema Ndeshi atasahau maneno, akasahau." Mwalimu alilipokea. Mlango wa ndani ukafunguka, Ndeshi akatoka na kitenge, nywele hazijasukwa.

"Hukunifanya kitu, Aika," alisema. "Ubeti wa pili haukutaka kukaa kichwani. Hata kwenye mazoezi hapa nyumbani, kabla sijaenda Dar, niliusahau. Si ndiyo, baba?"

Mwalimu aliligeuza jani mkononi, akaliangalia fundo. "Ndiyo," akasema hatimaye.  Bibi alimwacha asimame na kile alichokijua siku zote huku jirani yake akitengwa.

Jumamosi hapakuwa na kiapo. Jani la pili nililipeleka kwa Mama Manka, na la Mwalimu lilifuata siku kadhaa baadaye, kwa mkono wa mzee wa kanisa. Alipokea yote mawili, kwani desturi haimpi mtu nafasi ya kukataa. Kituoni watu walianza tena kumwita na kumtania. Lakini yeye mwenyewe alichagua kusimama mwisho wa foleni na dumu lake, mbali kidogo na ya wenzake, na hivyo ndivyo alivyosimama hadi nilipoondoka kwenda sekondari.

Sasa nimemaliza chuo, naishi Soweto, Moshi mjini, nikisubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi. Mashindano ya kuimba nayatazama kwenye simu, na chini ya kila mshiriki kuna maoni ya maelfu ya watu wenye majina ya kubuni: aache kuimba akalime, nani alimdanganya ana sauti. Ningependa kusema kwamba zamani zetu zilikuwa bora, kwa kuwa tuliamini neno lina uzito. Siwezi. Kwa imani hiyohiyo tulikaribia kumwangamiza mwanamke asiye na kosa. Ila wale waliovuta madumu yao mbali na la Mama Manka walikutana naye tena kesho yake, ana kwa ana, na walilazimika kuishi na walichomtendea. Hawa wa leo hawatakutana na mtu.

Juzi msichana mmoja aliyumba kwenye ubeti wa pili. Nilikuwa nimekwishaona kwamba atayumba. Niliandika maoni yangu, nikayafuta, nikayaandika upya, nikayafuta, hadi chai ikapoa. Mwishowe nikamwandikia kwamba sauti yake ni nzuri, kwamba anapotazama chini hofu yake inaonekana, na kwamba avute pumzi kwanza. Nikaweka jina langu kamili na la baba yangu, nikatuma. Kisha nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, nikakaa mbele yake, nikisubiri nione nimefanya nini.