Asipofunga Watamrudisha

Juzi nilipita kwa kinyozi mmoja Peckham, London, nikasikia wanaume wakibishana kuhusu mpira. Hofu ya zamani ikanirudia.

Siku ile, nikiwa bado mtoto, baba alikuwa akinyolewa, mashine ikinguruma, harufu ya spiriti ikinichoma pua. Mjadala ulikuwa juu ya mshambuliaji mmoja kijana.

“Msimu huu asipofunga, wanamrudisha alikotoka,” kinyozi alisema.

“Mpeni muda, bado mtoto!” baba alimtetea.

“Muda gani? Wazungu hawa hawana subira.”

Sikujua kwamba angerudishwa kwenye timu yake ya zamani tu, si nchini kwao. Nasi kesho yake tulitakiwa Croydon, ofisi ya uhamiaji. Ndani ya basi nilimng'ang'ania baba mkono.

“Baba, wewe umefunga mabao mangapi?”

Hakucheka. Alinivuta kifuani, nikasikia moyo wake ukienda mbio kuliko wangu.