Maji ya Bomba la Shaba

Msuli wa kwanza ulikakamaa asubuhi, kabla sijautilia chochote. Ulikuwa msuli mmoja wa mguu wa chura, pamoja na neva yake nyembamba kama uzi, ukining'inia ndani ya glasi ya maji ya chumvi. Niligusa neva kwa umeme wa betri, msuli ukajikunja kama ilivyotakiwa. Kisha ukakataa kulegea. Sindano iliyofungwa kwenye msuli ilikuwa ikichora mstari juu ya ngoma inayozunguka, yenye karatasi iliyopakwa masizi ya taa, na mstari uliopaswa kushuka ulibaki juu. Niliutoa, nikaweka mwingine, nao ukafanya vilevile. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimemaliza vyura sita, na vidole vyangu vilikuwa vinateleza kwa jasho.

Nilikuwa mwaka wa mwisho. Kazi ya kumalizia masomo, ile tunayoiita mémoire, haikuwa na thamani yoyote bila saini ya profesa aliyeiongoza. Profesa wangu alizaliwa hapa Lubumbashi, akasoma hapa, akaoa hapa, lakini wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, na mwaka ule watu wa asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa mjini. Vijana walikuwa wamevunja mlango wa nyumba yake. Kwa wiki mbili alikuwa akilala stesheni na mkewe juu ya masanduku yao, pamoja na maelfu ya wengine, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itafika siku gani. Siku itakapofika, miaka yangu yote ya masomo ingepanda na kuondoka nayo. Kila nikisikia kelele mjini nilidhani ni honi ya treni.

Swali la kazi yangu alinipa yeye, na alilifundisha kwa ngumi. Alikuwa akinyanyua mkono mbele ya darasa, akikunja vidole. Ndani ya msuli, alisema, kalsiamu imefungiwa ghalani. Neva ikileta agizo, milango ya ghala inafunguka, kalsiamu inatoka, msuli unajikunja. Hata neva yenyewe haiwezi kupitisha agizo bila kalsiamu kuingia kwenye ncha yake. Halafu alikuwa akifungua vidole kimoja kimoja, taratibu, na kusema kwamba kukunja ni rahisi, taabu iko katika kulegea, maana kalsiamu yote lazima irudishwe ghalani. Na ile oksijeni tunayovuta inaacha nyuma vipande vikali vinavyouma kila kitu vinachogusa, kama kutu inavyouma bawaba ya mlango. Vikiwa vichache, chembe hai huvitumia kama ishara. Vikizidi, milango ya ghala inabaki wazi. Mimi nilitakiwa kutia dawa ya kuoshea vidonda, ile inayotoa povu, ambayo inauma kama vipande hivyo, nipime ni kiasi gani kinauzuia msuli kulegea.

Lakini kwanza ulihitajika msuli wa kulinganisha, usiotiwa dawa, unaojikunja na kulegea vizuri. Huo ndio nilioukosa. Kwa siku tatu kila msuli ulikakamaa wenyewe. Nilibadilisha chumvi, nikaosha glasi, nikabadilisha mahali pa kukamatia vyura. Mwishowe nikaanza kuamini kwamba woga wangu ulikuwa unawaingia vyura kupitia mikono. Mwanafunzi wa sayansi, naamini mambo kama hayo. Lakini ndivyo nilivyokuwa.

Siku ya nne nilifanya jambo ambalo bado linanichoma. Kabatini palikuwa na karatasi za mazoezi ya wanafunzi waliotutangulia. Nikachagua moja yenye mistari mizuri, inayopanda na kushuka, nikaibandika katika kazi yangu kana kwamba ni ya msuli wangu. Kisha nikaenda stesheni kwa miguu.

Nilimkuta amekaa juu ya sanduku, amevaa koti lake la darasani, ndevu zimeota. Mkewe alikuwa anapika uji kati ya reli mbili. Alifurahi kuniona, akanifutia mahali pa kukaa. Alisoma kurasa zangu polepole, kama vile hapakuwa na watoto wanaolia pembeni wala askari wanaopita. Alipofika kwenye ile karatasi, aliigeuza kuelekea jua. Vanishi inayoshika masizi inakuwa ya manjano ikizeeka, na hii ilikuwa ya manjano kama jino la mvuta tumbaku. Zangu nyingine zote zilikuwa bado nyeupe pembezoni. Sikuwa nimeliona hilo. Yeye aliliona mara moja.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza tu:

"Yako iko wapi?"

Nikalia. Nikamweleza misuli yote iliyokakamaa. Akauliza kuhusu maji. Mtambo wetu wa vioo wa kusafishia maji kwa mvuke ulikuwa umevunjwa siku chuo kilipoporwa, na maji ya betri ya magari yalikuwa yamekwisha madukani. Nilimwambia kwamba mama mkubwa wangu, anayepika pombe kali ya lutuku kule mtaa wa Annexe, ndiye aliyenisaidia. Aliosha pipa lake, akachemsha maji badala ya pombe, akayakinga yakidondoka kutoka bomba la kupoozea mvuke.

"Na ile tiyo, ni ya nini?" aliuliza, akimaanisha bomba.

"Ni ya mukuba, Prof."

Mukuba ndiyo shaba, na Lubumbashi nani angeuliza? Mabomba yote ya lutuku ni ya shaba, mji mzima umekaa juu ya shaba. Profesa alikunja ngumi, akaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike niliona uso wake wa zamani. Alisema shaba ikiingia majini, hata kidogo sana, inafanya kazi ileile ya kutu ninayoitafuta: inauma milango ya ghala, kalsiamu inavuja, msuli hauwezi kulegea. Huenda misuli yangu ilikuwa inasema kweli siku zote. Lakini neno "huenda" halitoshi kuwekea saini.

"Chemsha litre moja mpaka ibakie kijiko. Utie ammoniaque. Kama inakuwa bleu, ni mukuba, ulete, nitasaini. Kama haiko bleu, siwezi kuweka jina yangu juu ya bongo, juu ya uongo."

Nilikimbia hadi Annexe. Mama mkubwa alikuwa bado na ndoo moja ya maji yale, ameifunika kwa kitambaa cheupe cha kanisani. Nilimuuliza alitumia nini kuosha bomba. Alijibu kwa fahari.

"Nilisugua na ndimu na chumvi mpaka iling'aa. Si ni mayi ya Prof? Siwezi kumupa mayi ya kunuka lutuku."

Ndimu na chumvi. Ndivyo kila mwanamke wa hapa anavyong'arisha shaba mgeni wa heshima akija. Utando mweusi ambao ungeizuia shaba isitoke, aliusugua wote, na asidi ya ndimu ikamalizia ndani ya bomba. Heshima yake ndiyo iliyokakamaza vyura wangu. Sikumwambia. Nilimshukuru, nikabeba ndoo kichwani mpaka maabara.

Kuchemsha lita moja mpaka kijiko kunachukua muda mrefu mno ukiwa unasikiliza treni. Nilisimama juu ya jiko la mkaa nikipepea kwa jalada la daftari. Ilipobaki kijiko nikaimimina kwenye kioo chembamba, nikatia matone ya amonia. Ikageuka bluu. Haikuwa bluu nyingi, lakini hakuna ambaye angeiita rangi nyingine. Ndipo nikasikia honi, na safari hii ilikuwa honi kweli.

Stesheni watu walikuwa wamejaa hadi juu ya mabehewa. Nilipita nikisukuma, mémoire kwapani, kioo nimekiinua juu ya vichwa, nikiita Prof, Prof, na maprofesa labda watano waligeuka. Wangu alikuwa mlangoni mwa behewa la mizigo, amembeba mtoto wa mtu. Aliona bluu. Alimpa mkewe yule mtoto, akanyoosha mkono, na mémoire yangu ikapanda kwake kupitia mikono ya watu nisiowajua. Alibandua ile karatasi ya manjano, akaichana. Akaandika kwa mkono wake, chini ya kichwa cha kazi, maneno haya: pamoja na athari ya shaba. Akasaini, akiwa ameegemea mgongo wa mzee mmoja. Ikarudi kwangu kwa mikono ileile. Treni ilipoanza kusogea alinyanyua ngumi, akaifungua kidole kimoja kimoja, mpaka nikashindwa kumwona.

Sijawahi kupata habari zake tena.

Chuo kilipofunguliwa tena baada ya fujo, nilipeleka kazi ofisini. Karani alitazama jalada akaniambia kwamba mtu huyo hayumo tena katika orodha ya walimu. Akasema nichape jalada jingine, niweke jina la mkuu mpya wa idara, mtu ambaye hakuwahi kuona hata chura wangu mmoja, na nisimtaje yule wa kwanza popote, kwa usalama wangu. Niliogopa. Nilichapa jalada jingine siku ileile, na jina la Prof sikuliacha popote.

Nilifaulu. Mama mkubwa alikuja kunipongeza akiwa amevaa kitenge kipya. Aliomba kukiona kitabu ambacho maji yake yalikuwemo. Hakusoma shule kwa muda mrefu, lakini herufi kubwa alizijua. Alipitisha kidole juu ya jalada, jina langu, kisha lile jingine chini, akarudi juu tena.

"Na jina ya ule Prof wa mayi," aliuliza, "iko wapi?"

Nilimwambia liko ndani, kwenye ukurasa wa shukrani. Akaridhika, akanirudishia kitabu bila kukifungua.