Kupanda kwa Jirani

Miaka ile ya tisini, gugumaji lilipokuwa limefunika ziwa, niliondoka Sindo kwa sababu ya miche kumi na miwili. Mto wetu ulikuwa ukimega shamba langu kila msimu wa mvua, nikapanda miti ya siala ukingoni peke yangu. Asubuhi nikaikuta imeng'olewa yote. Kwetu siala ni mti wa mpaka. Mjane kama mimi akiupanda mtoni, watu huona ananyakua ardhi. Mama Akoth, jirani yangu wa ng'ambo, hakuficha kwamba ni yeye aliyeing'oa. Tangu hapo hakuna aliyeingia boma langu, na mimi kwa ukaidi wangu sikumwendea mtu.

Jumapili alfajiri, Sabato ikiwa imepita, nilidandia lori la omena, dagaa wa ziwani kwetu. Kanisani nilikuwa nimesikia kwamba kina mama wa karibu na Isebania wameuokoa mto wao. Karungu tulisimama kupakia, na abiria wakanunuliana chai. Nilikunywa yangu peke yangu nikitazama ziwa lililogeuka malisho.

Alasiri nilifika kwa Mama Robi, mmoja wa kina mama hao, Mkuria wa umri wangu. Yeye hajui Kijaluo wala mimi Kikuria, basi tulisemezana kwa Kiswahili chetu cha sokoni. Alinipeleka mtoni. Ukingo ulikuwa imara, nyasi na miti mpaka majini. Nilimweleza yaliyonipata akacheka, kisha akaona sicheki.

"Ulipanda kwako, ndiyo maana," alisema. "Hapa mtu hapandi kwa shamba yake. Mimi napanda kwa huyu wa ng'ambo, yeye anapanda kwangu. Hakuna mtu ataita hiyo mpaka."

"Na nani anamwagilia?"

"Mwenye kupanda. Lazima akuje, hata kama mmekosana."

Nililala kwake, na asubuhi jirani yake aliingia na maji ya miche bila hata kupiga hodi, wakaanza kubishana kuhusu chumvi. Niliona wivu, nasema kweli.

Jumanne nilirudi Sindo, na sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Akoth, miche niliyopewa na Mama Robi mikononi, nikamwomba apande kwangu. Alinitazama sana. Akauliza kama na mimi nitapanda kwake, nikamwambia nitapanda akinikubalia. Alipanda mitatu. Majirani wawili wakafuata. Wengine wamekataa mpaka leo.

Nilijifunza kwamba mto una kingo mbili, nami nilikuwa nimeona mmoja tu.

Kiangazi chote Mama Akoth alikuja jioni na debe la maji, akamwagilia, akaondoka. Hatukuzungumza mengi, lakini nilianza kumngoja tangu mchana. Mvua ilipoanza kila mtu alifurahi isipokuwa mimi, maana miche haikuhitaji maji tena. Siku ya pili ya mvua akaja vilevile, debe tupu mkononi, akauliza kama ukingo umeshika.