Kinu cha Watu Wawili

Harufu ya sombe mbichi, majani ya muhogo, kwenye mashine ya kusaga ya jirani hunirudisha kijijini Kingi, mbele ya kinu cha mama.

Kinu kile kilikuwa cha watu wawili. Dada yangu akiinua mchi, mama alishusha wake, na mlio ulifika hadi mashamba ya bondeni. Dada alipoolewa Ntoto, kule msituni, mama alibaki akitwanga peke yake. Mimi nilikuwa mdogo, mchi ulinishinda. Nilikaa kando ya ukuta nikisikiliza pigo moja, kisha nafasi tupu ambapo pigo la dada lingeingia. Mama hakuijaza nafasi ile.

Siku moja akafika mama mmoja jirani, aliyekwenda Ntoto kuuza maharagwe. Miguu yake ilikuwa bado na matope.

"Mutoto wangu iko namna gani?" mama akamuuliza, huku akitwanga.

"Iko muzima." Jirani alitazama upande wangu, akapunguza sauti, akajigusa chini ya jicho. "Lakini ule bwana yake anatwanga, mama. Kila siku njo kutwanga tu."

Nilishangaa, maana sikuwa nimeona mwanaume akishika mchi. Dada amepata mwenzake wa kinu, niliwaza, nikamwonea wivu.

"Mama," nikasema, "dada iko na bahati. Bwana yake anamusaidia."

Mama alinitazama, mchi ukiwa juu. Halafu akaushusha kwa nguvu, akaushusha tena, haraka haraka, bila kuacha nafasi hata kidogo.