Mstari wa Tano

Basi la mgeni liliharibika saa tano asubuhi, katika mji ambao hakuwahi hata kusikia jina lake. Dereva alisema kipuri kitafika jioni. Mgeni, mwanamke wa leo hapa kesho kule, aliyejua kuomba maji kwa lugha saba, alitazama huku na huku, akaona saluni ya chumba kimoja yenye pazia la shanga, akaingia kusukwa.

Msusi nusura amkatalie. Saa nane mchana alikuwa na mtihani wa utangulizi wa saikolojia, wa marudio, katika ukumbi wa mji, na barua ya chuo ilisema wazi: akianguka tena, kozi ndiyo imekwisha. Na nywele za mgeni zilikuwa kazi ya saa nne nzima.

"Mkalishe," alisema mwenye saluni. "Wewe Profesa, bila kichwa cha mtu mkononi husomi. Nitakumalizia mimi."

Msusi alibandikwa uprofesa kwa dhihaka mwaka juzi, vitabu vya kwanza vilipofika kwa posta vimefungwa kamba. Chuo chenyewe hakuwahi kukiona; alikijua kwa mihuri yake na kwa sauti ya mwalimu kwenye simu. Mtaa ulimcheka, mama wa watoto watatu anayefungua vitabu katikati ya vitana na mafuta. Akajitia hamnazo. Aligundua kwamba akikaa mezani kila kitu kinamtoka, ila vidole vikisuka, maneno yanarudi yenyewe. Basi akajiwekea utaratibu: kila mstari wa nywele, mada moja.

"Mstari wa kwanza, hisi," alianza, akigawa nywele.

"Aii!" mgeni aliruka. "Na huu je?"

"Huo uchungu, dada. Haumo kwenye mtihani."

Mstari wa pili ukapita, wa tatu, wa nne. Mgeni, aliyekwisha kusikia kwamba ni marudio, akauliza mtihani wa kwanza ulikuwaje.

Mwenye saluni alidakia. "Waliuliza kumbukumbu ya muda mfupi ni nini. Mwenzangu akawaandikia kurasa tatu za mteja wetu anayesahau mkoba kila Jumamosi. Mpaka rangi ya mkoba!"

Msusi alicheka nao, ingawa masikio yalimwaka moto. Karatasi ile ilirudi na wino mwekundu: *Umenieleza mtu, hukunieleza dhana.* Alilia siku mbili. Ya tatu aliibandika juu ya kioo, na hadi leo ipo, kila anayekuja kusukwa anaisoma.

"Sasa nina kanuni," alisema. "Dhana kwanza, mteja baadaye."

Mstari wa tano ulikuwa huo huo, kumbukumbu ya muda mfupi. Vidole vikasimama. Msusi akafumua kidogo, akaanza upya taratibu.

"Ni uwezo wa akili kushikilia habari chache, kwa sekunde chache, kabla hazijapotea au kuhifadhiwa." Akashusha pumzi. "Kwa mfano, kuna mteja wetu mmoja…"

Wote watatu waliangua kicheko.

"Na huko ukumbini utamsuka nani?" aliuliza mgeni. "Msimamizi?"

"Ana upara!" alisema mwenye saluni.

Msusi alikata nywele bandia urefu wa shubiri mbili, akazifunga fundo kwenye kifundo cha mkono, vishada vitatu vikining'inia. "Niliomba ruhusa kwa barua. Nikawatajia na sura ya kitabu chao: mtu hukumbuka vizuri zaidi katika hali inayofanana na ile aliyojifunzia. Wamekubali."

Saa saba u nusu mumewe, fundi baiskeli, alisimama mlangoni, viganja vimesuguliwa mpaka vimepauka.

"Shati la harusi, baba?" aliuliza msusi.

"Kwani leo siku ndogo?" Kisha akageukia mtaa mzima. "Nampeleka mke wangu mtihanini!"

Kinyozi wa jirani alisimamisha mashine. "Kila la heri, Profesa!" Safari hii hakucheka mtu.

Msusi alijitazama kiooni, chini ya wino mwekundu, akavua aproni, akatoka. Mgeni alibaki kitini, upande mmoja mistari mitano imenyooka, upande wa pili nywele zimesimama wima. Kupitia shanga za pazia alimwona akipanda nyuma ya baiskeli, mgongo wima, vidole vya mkono wa kulia tayari vikisuka kifundoni.

"Tulikuwa mstari wa ngapi?" aliuliza mwenye saluni, akichukua kitana.

"Wa sita," alisema mgeni. "Ila wa tano usiuguse."