Kadi ya Mwaka ya Muasya

Muasya wa mtaa wa Jericho, Nairobi, alikuwa mchongaji wa vifaru. Wenzake pale karakanani Gikomba walichonga twiga na swara. Yeye alipewa kifaru siku ya kwanza, akabaki naye miaka kumi na minne. Kifaru hai hakuwahi kumwona. Alijifunza kwa kumtazama kifaru wa mti aliyechongwa na mjomba wake, naye mjomba alijifunza kwa kifaru wa mti wa mtu mwingine, na huko nyuma zaidi sijui nani alimwona nani. Watalii walinunua, kwa hiyo nani angeuliza?

Basi mwaka wa sabini na tisa, mwezi wa pili, akaingia nyumbani na kadi ya manjano yenye majina sita: lake, la mkewe Mbeti, na ya watoto wao wanne. Kadi hiyo iliwaruhusu kuingia bustani ya wanyama, kule upande wa pili wa jiji, siku yoyote, mwaka mzima.

Mbeti aliigeuza nyuma na mbele. "Umenunua na pesa gani?"

Muasya akatazama dari. Zilikuwa pesa za mabati ya nyumba waliyokuwa wakijenga kijijini Kangundo, na hakuwa amemuuliza.

"Sikia, Mama Ndanu. Tukienda mara tano tu, imejilipa. Kuanzia ya sita ni bure."

"Bure? Na basi je? Watu sita, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Konda naye utamwonyesha kadi?" Akaiweka mezani. "Mtaenda mara mbili, watoto wachoke, ikae kabatini. Mimi msinihesabu. Siendi."

Na Mbeti akisema haendi, haendi. Nawajua wanawake wa aina hiyo; nimelelewa na mmoja.

Lakini watoto hawakuchoka. Kila Jumapili baada ya kanisa, Mbeti alikwenda kwenye meza yake ya nyanya sokoni, na Muasya akawaongoza wanne wake kwenye kituo cha basi. Ile Jumapili ya kwanza alisimama mbele ya ua wa kifaru mpaka Ndanu, kifungua mimba wake, akamvuta shati. "Fathe, twende tuone simba." Hakusikia. Alikuwa anatazama masikio. Yalikuwa nyuma kabisa, karibu na shingo, marefu, kila moja likigeuka kivyake. Vifaru wote wa Gikomba walikuwa na masikio ya nguruwe, yamebandikwa karibu na macho. Aibu ilimpanda mpaka kichwani, na baada ya aibu ikaja furaha ambayo hakujua aipeleke wapi.

Tangu siku hiyo hakutaka kingine. Watoto walizunguka kwa nyani na chui, yeye akakaa kwenye leso juu ya nyasi. Kifaru alilala, akaamka, akalala tena. Ndege ilipita juu, na sikio moja likaifuata taratibu hadi ilipopotea. Jua lilikuwa jororo, harufu ya nyasi na mavi makavu ikapanda na kushuka, na Muasya hakujua kama amekaa saa moja au saa tatu. Kwenye basi la kurudi kidole gumba chake kilikuwa kikichonga hewa. Siku za kazi zikaanza kumpita kama mvuke, Jumapili tu ndiyo iliyokuwa na uzito.

Ila leso alikuwa akiitandaza pana, kwa watu wawili, na kukaa upande mmoja. Alitamani Mbeti aje. Si kwa sababu ya kadi. Alitamani kuwa na mtu wa kumwambia, "Tazama," wakatazama. Jioni Mbeti alikwangua tope kwenye viatu vya watoto na hakuuliza kitu.

Januari ilipofika, Muasya alichonga vifaru kumi na wawili wenye masikio ya kweli. Kinyanjui, mfanyabiashara aliyewapelekea wenye maduka ya watalii vinyago vya karakana, aliwarudisha wote ndani ya gunia mwezi wa pili ulipoingia.

"Hawa ni punda? Mteja anataka kifaru anayemjua, bwana."

Muasya akabeba gunia hadi nyumbani, akingojea maneno. Mbeti aliwapanga mezani mmoja mmoja, akawatazama kwa muda mrefu.

"Kinyanjui amewahi kumwona kifaru?"

"Hapana."

"Na wewe una hakika?"

"Nimemtazama mwaka mzima, Mama Ndanu."

"Haya. Jumapili nitajua nani mwongo."

Makokha, bawabu wa bustani, aliwapokea wote sita kwa kicheko. "Kumbe mama yupo!" Mbeti alipita moja kwa moja hadi kwenye ua, akatoa kifaru mmoja wa mti kwenye kiondo, akamwinua. Akamtazama huyu, akamtazama yule. Kifaru akageuza sikio.

"Miaka kumi na minne," akasema, "umewauzia wazungu nguruwe!" Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Kisha akaketi kwenye leso, mikono mitupu mapajani. Walikaa hivyo mchana kutwa. Muasya hakuhitaji kumwambia atazame.

Walipokuwa wakitoka, Mbeti alisimama langoni. "Jumapili ijayo nitabeba chai. Mnafungua saa ngapi?"

Makokha akaitazama kadi, kisha akamtazama Muasya. Muasya alijua. Alikuwa amejua wiki nzima, na hakuthubutu kusema.

"Mama, kadi yenu inaisha leo."

Mbeti aliichukua. Akalisoma jina lake, la pili kutoka juu, polepole, kama barua iliyochelewa njiani.

"Leo mnafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na sasa?"

"Kumi na moja na robo."

Akamshika mumewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, wakarudi ndani.