Mama Mkwe na Mitetemo ya Saa Kumi

Miaka kumi na mitatu mtunza kituo alitembea kwa ncha za vidole. Nyuma ya nyumba yake, ndani ya shimo la zege, kilikaa chombo cha kusikiliza matetemeko ya mbali. Mawimbi ya tetemeko hukimbia kwenye mwamba mgumu, hujikokota kwenye mwamba laini. Wataalamu wakilinganisha yalivyochelewa kituo hiki na kile, huchora gamba la dunia bila kuchimba hata ndoo moja, kama fundi agongaye ukuta akajua palipo na uwazi. Kwa kuwa chombo hunasa hata hatua za mtu, mtunza kituo alinyata daima, na mkewe akamwita Nyatunyatu.

Siku moja bosi wake, mjiolojia, akaja na karatasi zenye michirizi kama kuku kaparura.

"Bwana, kila siku saa kumi alasiri ardhi yako inacheza. Robo saa, kisha kimya. Isipokoma hadi Ijumaa, kituo nakihamisha, na kazi yako imekwisha."

 Mtunza kituo alikijua chanzo. Mama mkwe, aliyekuja "siku mbili tatu" miezi miwili iliyopita, aliruka kamba uani kila saa kumi kwa amri ya daktari. Mkwe unamwamkia ukitazama viatu vyake. Utamwambiaje kwamba anatikisa dunia?

"Mwambie wewe," akamsihi mkewe.

"Mama yangu? Thubutu! Chombo chako ndicho mmbea."

Ijumaa ikafika, hakuna aliyesema. Saa kumi, bosi yupo: puu! puu! puu! Mstari kwenye kompyuta ukapanda na kushuka kama umepandwa na mashetani. Bosi akaenda uani na kompyuta yake mkononi.

"Mama, alama hizi ni za miruko yako."

Mama mkwe akakodolea macho, anahema. "Zote hizi? Mimi peke yangu?"

"Peke yako, mama."

"Na daktari anasema sijitumi! Nichapie, nimpelekee."

Bosi akakuna kidevu. Mawimbi ya mbali hayamchorei vizuri udongo wa juu. Kwa huo anahitaji kishindo cha karibu, mahali panapojulikana, saa inayojulikana. Na kishindo hiki hapa, kimejileta chenyewe, tena kinashika muda kuliko watumishi wake wote.

"Kituo kinabaki," akatangaza. "Mama ataruka kwa filimbi, na ile robo saa tutaiondoa kwenye rekodi ya matetemeko."

Kisha akampa mtunza kituo fomu. "Kimebaki kisanduku kimoja tu. Kilo za mama. Kamuulize."

Mtunza kituo akaitazama fomu, akamtazama mama mkwe, akauliza kwa heshima zote kama kituo bado kinaweza kuhamishwa.